Fungu la Nyumba ya Mwambani

Nguruwe pori anapokujia mbio, kitu cha kwanza unachosikia ni pumzi yake. Inatoka puani kwa mikupuo, puh, puh, puh, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa lililogoma kuwaka. Kwato zinafuata baadaye. Nilijifunza hivyo Jumapili moja asubuhi juu ya vilima vya Mkolani, nikiwa na miaka kumi na tisa, na mkuki wa marehemu baba mkononi.

Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na mbwa saba. Tulikuwa na karatasi ya bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, yenye muhuri mkubwa wa bluu. Ilituruhusu kuwaua nguruwe waliokuwa wanafukua mihogo na viazi vya watu, na chini kabisa iliandikwa kwamba nyama isiuzwe. Karatasi ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ulikaa ndani ya kofia ya kiongozi wetu, fundi baiskeli wa pale barabarani. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye goti bovu na kopo la ugoro, na alikuwa amewinda na baba tangu ujana wao. Mimi nilimwita baba mdogo.

Mbwa wakabweka upande wa korongo. Miluzi ikaanza. Nikasikia puh, puh, puh, kisha majani yakapasuka na nguruwe akapita mbele yangu, mweusi, manyoya ya mgongo yamesimama wima. Nilirusha mkuki bila kufikiri. Uliingia nyuma ya bega. Akakimbia hatua kama tano, akapiga magoti, akalala.

Jamani! Niliruka juu kama mtoto. "Nimeua!" nikapiga kelele. "Nimeuaaa!"

Hakuna aliyejibu. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka nguruwe, wakaniangalia. Kiongozi alifika wa mwisho, anachechemea.

"Umesemaje?"

"Nimeua, baba mdogo."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Umeua wewe. Mbwa hawakubweka. Hawa hawakupiga miluzi. Mimi na goti langu hatukusimama kule korongoni kumzuia. Umeua wewe peke yako, hongera sana."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na furaha yote ikanishuka hadi kwenye nyayo.

Kwa wawindaji wale lilikuwepo neno moja tu la kutamka mnyama anapoanguka, nalo ni "Tumeua!" Anayesikia, hata kama yuko shambani na jembe lake, anajibu "Tule!" Mkishasema na kujibiwa, nyama imekuwa ya wote. Nilikuwa najua. Baba alitufundisha tukiwa wadogo, akituigizia sauti mbili, ya mlimani na ya bondeni. Lakini furaha iliutangulia ulimi wangu.

Kosa hilo liliniuma kwa sababu sikuwa nimekwenda kuwinda kwa ajili ya nyama. Nilikwenda kutafuta jina.

Nyama pale iligawanywa juu ya majani mabichi, mafungu yamepangwa mstari. Kiongozi aliyapa mafungu mgongo, akaangalia kwingine kabisa, ili asijue lipi nono na lipi la mifupa. Mtu mmoja alishika kijiti, akagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Naye kiongozi, bila kugeuka, alitaja nyumba. La nyumba ya kisimani. La nyumba ya mkwajuni. Wajane, wagonjwa, hata mzee mmoja asiyeona ambaye hakuwa na mtu wa kumwindia, wote walitajwa kwa nyumba zao. Baba alipokuwa hai sisi tulikuwa "nyumba ya mwambani", kwa sababu nyumba yetu iliegemea jabali kubwa kama kanisa.

Baba akafariki. Kabla mvua hazijarudi, mama naye akamfuata. Fungu liliendelea kuja, wala halikupungua. Ila sasa liliitwa "la yatima".

Nadhani walisema kwa huruma. Lakini mdogo wangu anayenifuata, msichana mwenye ulimi, siku moja alirudi na nyama ile, akaitupa juu ya sinia na kusema, "Haya, yatima, njooni mle chenu." Kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akauliza, "Yatima ndiyo sisi?" Nyama ilipikwa, nami nikawagawia wao kipande changu.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili wao wasiache. Nilibeba mizigo kwenye kiwanda cha samaki Nyakato. Alfajiri nilitembea, jioni nikibahatika nilipanda basi la Buzuruga, nikirudi na mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa kwa ajili ya Ulaya. Tulikaanga mapanki, tukala, na watoto watatu, ukiacha kitinda mimba, walikwenda shule na sare zilizopigwa pasi. Niliona kwamba hapo kwetu palikuwa na nyumba. Nikamwendea baba mdogo kwenye kibanda chake cha baiskeli na kumwambia hivyo.

Hakuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu. "Nyie mlibaki watoto watupu," alisema. "Mzee asiyeona ana miaka sabini ya kuitwa nyumba. Wewe unataka kuanza. Leta mkuki. Ukishaua kwa utaratibu, nitawaita nyumba."

Kwa hiyo Jumapili ile kijiti kilipogusa fungu letu na sauti ikauliza, "Hili la nani?", nilishikilia pumzi.

"La yatima," alisema, ameangalia barabara. "Mkuki uliosema nimeua, haujaua."

Kuanzia hapo nikawa na jina, tena jipya. Mkolani yote iliniita Nime.

"Bwana Nime, habari za asubuhi?"

"Nime, gunia hilo umebeba au tumebeba?"

Mwindaji mmoja alinikuta stendi ya Buzuruga nina boksi kichwani, akaita mbele ya watu wote, "Shikamoo, Nime!" Na alikuwa amenizidi miaka ishirini. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mdogo wangu alifunua chungu na kusema, "Kaka, tumepika. Usije ukasikia vibaya, sikusema nimepika." Nilicheka, nifanyeje? Lakini kiwandani nilikuwa nikibeba masanduku huku nikinong'ona, "Tumeua, tumeua, tumeua," ili ulimi uzoee. Msimamizi akanisimamisha. "Nyie mmeua nani?" Niliapa kwamba hatujaua mtu.

Wiki kadhaa baadaye nguruwe wakarudi kwenye mihogo. Usiku mmoja walimaliza nusu ya shamba la mwenzetu mmoja Msabato, ambaye aliwinda kwa hasira tu. Yeye hakula nguruwe kabisa. Fungu lake alilipeleka moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Mkatoliki, na alituambia kwamba tangu aanze kuwinda, ndoa yake ilikuwa imetulia sana.

Tukapanda tena. Safari hii nilikuja na mbwa wa baba, jike mzee mwenye sikio moja, aliyekuwa amekataa kutoka uani tangu msiba. Alipoona nimeshika mkuki alisimama mwenyewe.

Wa kwanza kutoka alikuwa nguruwe jike na watoto wanne, wadogo, wana michirizi mgongoni. Walipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa yule wa nyuma. Baba mdogo akatoa mluzi mfupi wa chini na mikuki yote ikashuka. Mwenye kunyonyesha haguswi. Hata Msabato alishusha wake, ingawa alisaga meno nikasikia.

Kisha dume likatoka. Mungu wangu, dume! Kichwa kama nyundo, meno nje. Lilitokea mahali ambapo hakuna aliyetarajia, kwenye kichaka kilichokuwa katikati yetu watatu, na wote watatu tukarusha kwa pamoja. Vumbi, mbwa, makelele. Lilipotelea chini kwenye mawe, na mikuki mitatu ikabaki imelala kwenye majani.

Niliuwahi wangu. Kwenye ncha kulikuwa na damu, na pamoja na damu kulikuwa na kitu cha kijani, majani yaliyotafunwa, na harufu. Nilijua mara moja. Nilikuwa nimemchoma tumboni. Mnyama wa namna hiyo hafi haraka. Anaweza kuteseka siku mbili amelala mahali, na mwanamke anayekwenda kuchota maji akimkanyaga, anamchana.

Siku niliyopokewa kundini, baba mdogo alinieleza utaratibu wa pili, na aliueleza mara moja tu. "Ukiua, ni sisi. Ukijeruhi, ni wewe." Jeraha halina wenzake. Aliyejeruhi anajitaja, anafuata, anamaliza. Jua likizama hajamaliza, mkuki wake unalazwa chini ya kitanda cha kiongozi mwaka mzima.

Mwaka mzima mwingine wa "la yatima". Kitinda mimba wetu angeingia darasa la kwanza akilijua jina hilo kuliko lake.

Nilikuwa nimeshachuma nyasi. Nakumbuka ziko kiganjani, zina umande bado. Kufuta mara moja tu.

"Kuna aliyegusa?" baba mdogo akauliza kutoka juu ya jiwe.

"Wangu mkavu," alisema wa kwanza.

"Wangu umekula udongo," alisema Msabato.

Nikaziachia nyasi.

"Nimejeruhi," nikasema. "Tumboni."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akafungua kopo la ugoro, akalifunga bila kunusa.

"Sasa hilo 'nime' lako limepata mahali pake," alisema. "Nenda. Sisi tunazunguka juu tumzuie asirudi mashambani."

Nilikimbia. Yule mbwa mzee alikuwa mbele, pua chini, na sikumjua tena. Tone la damu kwenye jiwe. Tone kwenye jani la muhogo. Tuliteremka mahali ambapo siku nyingine ningeshuka kwa makalio. Tulikata barabara ya vumbi, tukapita katikati ya shamba ambamo mama mmoja alikuwa anapalilia na mtoto mgongoni.

"Kapita hapa!" alipiga kelele akionyesha kwa jembe. "Ananuka! Kimbia, baba, kimbia!"

Nikakimbia. Damu ikapotea kwenye mchanga, nikadhani basi, nimelikosa. Mbwa akazunguka mara mbili, akapiga chafya, akaipata tena. Sikuhisi miguu. Nilikuwa na hofu na raha kwa pamoja, raha ambayo sijaipata tena mahali popote, ya kujua kitu kimoja tu cha kufanya na kukifanya kwa mwili mzima. Mbele ziwa likang'aa ghafla lote, na matete yakasimama kati yetu na maji.

Mbwa akaingia. Kimya. Mimi nikasimama juu ya jiwe bapa ukingoni. Niliwaza mamba pia, sitaficha.

Puh, puh, puh.

Nilipiga goti, nikauzuia mpini wa mkuki kwenye ufa wa jiwe nyuma yangu, kama baba alivyotuonyesha kwa ufagio uani. Dume likatoka matete yote yakilala pembeni, na mbwa akining'inia kwenye sikio lake. Lilikuja lenyewe juu ya ncha. Mkuki uliingia kifuani, mpini ukalia, mimi nikarushwa pembeni nikachubuka kiwiko. Nilipoinuka lilikuwa limelala, jicho limetulia. Mbwa aliliachia sikio, akakaa kitako kama mtu aliyetoka kazini.

Hapakuwa na mtu. Nilivuta pumzi mpaka ikafika tumboni.

"Tumeuaaa!"

Sauti ilipita juu ya maji, ikagonga mawe, ikarudi. Kisha kutoka kilimani, mbali sana, nyembamba kama uzi, nikasikia: "Tuleee!" Na tena kutoka shambani, sauti ya yule mama: "Tuleee!" Nywele zilinisimama.

"Kaka, wewe ni kiboko!"

Niligeuka. Kijana wa mjini, shati la mtumba la maua, amesimama na baiskeli yenye matenga mawili. Alikuwa amekuja kununua samaki kwa wavuvi na kumbe alikuwa ameona kila kitu.

"Sikiliza," alisema, akishusha sauti ingawa hakuna aliyetusikia. "Kuna baa mjini wanaitafuta nyama hii kama dawa. Tukate sasa hivi, tupakie, mimi na wewe tu."

"Haiuzwi."

"Siku hizi kuna kisichouzwa? Maji yenyewe yanauzwa kwenye chupa! Ruksa, kaka. Kila kitu ruksa. Waambie wenzako ametokomea kwenye matete."

Sitadanganya. Niliona jozi tatu za viatu vya shule, vimepangwa juu ya lile jiwe, vyeusi, vipya. Viliondoka polepole.

"Si wangu," nikasema.

"Wa nani? Si umeua wewe, nimekuona kwa macho yangu!"

"Tumeua."

"Wewe na nani?"

"Mimi na wale." Nikaonyesha kilimani.

"Wale wapi? Mimi namwona mbwa."

"Na mbwa."

Alinitazama kama anayetafuta mahali nilipogonga kichwa. Akacheka, akaiegemeza baiskeli, akakaa. "Basi acha niwaone hao wale," alisema.

Walikuja, vumbi mpaka kwenye kope. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kama kawaida. Nikamsalimia upya kana kwamba hatujaonana siku hiyo, sijui kwa nini. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Aliinama kwa shida, akaliangalia jeraha la tumboni, kisha la kifuani. "Hili la aibu," alisema. "Na hili limelifuta. Ulisemaje ulipomaliza?"

"Tumeua."

"Nilisikia. Nilitaka kujua kama utalisema pia mbele ya huyu mwenye matenga." Akamgeukia kijana. "Umefika bei gani na mwanangu?"

"Amenikatalia, mzee. Anasema ni wa wote. Hata mbwa."

"Hata mbwa," baba mdogo alikubali, na utumbo wa kwanza ukakatwa na kupewa yule mwenye sikio moja, kabla ya mbwa wengine wote.

Tulimchuna palepale juu ya jiwe. Majani ya mgomba yakaletwa kutoka kwa yule mama wa shambani, na mafungu yakapangwa. Baba mdogo akageuka, akalitazama ziwa. Msabato ndiye aliyeshika kijiti, kwa kuwa hakuwa na tamaa na chochote kilichokuwa pale.

"Hili la nani?"

"La nyumba ya kisimani."

"Hili?"

"La mama aliyejibu shambani."

"Hili?"

"La mgeni mwenye baiskeli."

Kijana aliruka. "Mimi? Mzee, ngoja nilipe basi."

"Ulikuwepo anapoanguka," baba mdogo alisema bila kugeuka. "Ukalile kwako. Nikisikia umeliuza, ukipata pancha barabara hii utasukuma baiskeli yako mpaka mjini."

Watu wakacheka. Kijana alipokea kwa mikono miwili, na ninaamini alilila, kwa sababu kuanzia siku hiyo akipita barabarani aliniamkia.

Kijiti kikaendelea. Mafungu yakapungua. Yakabaki mawili, na moja lilikuwa na paja. Mimi nilikuwa naangalia kisigino cha baba mdogo, ufa wake, mchanga ndani ya ufa.

"Hili la nani?"

Alifungua kopo la ugoro, akanusa. Ndege wa majini alipita chini akigusa maji. Nadhani alipangusa jicho, ingawa kama angekuwa hai leo angeapa kwamba ulikuwa ugoro.

"La nyumba ya mwambani," alisema.

Sikumbuki kupanda kilima. Nilifika uani nimebeba paja begani, shati lote damu, na mdogo wangu mwenye ulimi akatoka jikoni na mwiko. Hakuangalia nyama. Aliniangalia mimi.

"Wameliitaje?"

Nikamwambia. Akaufuta mwiko kwenye kanga, akaufuta tena ingawa ulikuwa safi. Kisha akasema, "Kitinda mimba asikie kwa mdomo wako."

Nilimwita, nikamwambia taratibu. Alikimbia nyuma ya nyumba, akakwea jabali letu kwa mikono na miguu kama mjusi, akasimama juu kabisa na gauni lake lililochanika, akajaza kifua.

"Tumeuaaa!"

Ilipita kidogo. Halafu kisimani wakajibu, na mkwajuni, na kibandani kwenye baiskeli, na chini kabisa kwa yule mzee asiyeona, sauti moja juu ya nyingine: "Tule! Tule! Tuleee!"

Mdogo wangu akaanza kukata nyama. Ya kwanza aliiweka kwenye sahani na kuifunika kwa kawa, apelekewe mzee asiyeona kabla sisi hatujaonja.